Kumtunza aliyelemewa na mawazo wakati wa janga: mwongozo kwa nyumba za Lamu

Mwongozo huu ni wa mke, mume, mtoto mkubwa au jirani anayeishi na mtu ambaye hali yake imegeuka tangu maradhi yaingie mjini. Halali. Au analala mchana kutwa. Amekuwa mkali, au amenyamaza. Hakuna humu kitakachokufanya daktari, lakini yako mengi mtu wa nyumbani anaweza kuyafanya vizuri kuliko daktari anayemwona mgonjwa kwa dakika kumi.

Lamu si ngeni wa maradhi ya mlipuko. Mwaka 2004 chikungunya ilipita kisiwani, na uchunguzi wa damu ulionyesha imewashika takriban robo tatu ya watu. Wengine walibaki na maumivu ya viungo kwa miezi. Kisha ikaja Korona. Mgonjwa wa kwanza Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Shule zikafungwa, misikiti ikafungwa, na kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ikaanza tarehe 27 mwezi huohuo, isiondolewe hadi tarehe 20 Oktoba 2021. Ndege za nje zikasimama, na mashua za watalii zikavutwa juu mchangani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka wa kwanza wa janga, wasiwasi na sonona (huzuni nzito isiyoondoka) viliongezeka kwa asilimia 25 duniani. Hofu ya ugonjwa ni sababu moja tu. Kukosa riziki, kukosa watu na kuzika bila kuaga huvunja wengi zaidi, na hayo hayaishi siku kafyu inapoondolewa.

Rai yetu tuiseme mapema: anza na usingizi na mpangilio wa siku. Nasaha zije baadaye. Nyumba nyingi huanza na nasaha, ndiyo maana hazifiki popote.

Hatua ya 1: Jua unachokiangalia

Ukimuuliza mtu wa hapa kama ana huzuni atakujibu "Alhamdulillahi", na mazungumzo yamekwisha. Uliza mwili. Mtu aliyelemewa husema kichwa chamuuma upande, kifua chambana, moyo waenda mbio, tumbo linawaka, miguu haina nguvu, usingizi umemruka. Kwa wanaume dalili mara nyingi ni hasira kwa jambo dogo, kukaa nje hadi usiku wa manane, au fungu la miraa lililokuwa la Ijumaa kuwa la kila siku. Mama wa nyumbani anaweza kuendelea kupika na kufua kama kawaida, ila hali chakula alichokipika.

Kuna maswali mawili ambayo wahudumu wa afya huyatumia kwa uchujaji wa kwanza, na yeyote anaweza kuyauliza. Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Na ni mara ngapi umejisikia mnyonge, umekata tamaa au huna matumaini? Kila jibu lina alama: hapana kabisa 0, siku kadhaa 1, zaidi ya nusu ya siku 2, karibu kila siku 3. Jumla ikifika 3 au zaidi, mtu huyo anahitaji kuulizwa kwa kina na mhudumu wa afya. Hiyo haimaanishi tayari ana ugonjwa. Andika alama na tarehe nyuma ya daftari la duka au popote pasipopotea, utazihitaji tena.

Usiruke uchunguzi wa mwili. Upungufu wa damu, kisukari, presha na matatizo ya tezi ya shingo huweza kuleta uchovu na moyo kwenda mbio vilevile, na kuna watu waliotibiwa "mawazo" mwaka mzima kumbe ni damu. Aliyeugua Korona ana lake la ziada: uchovu, kukosa pumzi na kusahausahau kunakoendelea miezi mitatu baada ya maambukizi, na kumedumu angalau miezi miwili, kunaweza kuwa Korona ya muda mrefu. Huyo ukimsukuma atembee na afanye kazi kama mzima, kesho yake ataanguka kitandani. Kazi zote zilizomo humu mpe kwa nusu, na pumziko katikati.

Hatua ya 2: Chagua mtu wa kumsemesha, na mahali

Mtoto kumhoji baba yake ni vigumu katika mila zetu, na baba atajibu kwa kulinda heshima yake. Mtafute wa rika lake: shemeji, mjomba, rafiki waliyesoma chuoni pamoja, nahodha mwenzake. Kwa mama mzee, dada yake au jirani wa siku nyingi hufaa kuliko binti.

Mahali pia pana kazi yake. Barazani na kwenye daka kila anayepita anasalimia na kusikia. Ndani, nyumba za mtaa wa Mkomani zimebanana hata kikohozi cha jirani chasikika. Njia ya ufuoni kuelekea Shela baada ya alasiri, maji yakiwa yametoka, ni mahali pazuri: mnatembea ubavu kwa ubavu na hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake machoni. Kwa mvuvi, kaeni mshone nyavu. Mikono ikiwa na kazi, ulimi hulegea.

Anza na ulichokiona, kisha uliza kitu kimoja:

"Ami, siku hizi sikuoni barazani baada ya alasiri. Usingizi waenda vipi?"

Kisha nyamaza. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa sababu kimya cha nusu dakika kinawatisha wakakijaza kwa mawaidha. Mwache. Akisema "nalala saa mbili tu", rudia alichosema kwa maneno yako: "Kwa hiyo usiku mzima uko macho." Mara nyingi ataendelea mwenyewe. Nusu saa yatosha kwa mara ya kwanza. Rudi baada ya siku mbili tatu.

Maneno ya kuepuka katika mazungumzo ya kwanza: "jikaze", "wenzako wana hali mbaya zaidi", "ni imani yako imepungua". Hilo la tatu ndilo baya kuliko yote. Mtu aliyelemewa tayari anajiona ana dhambi, nawe umemthibitishia. Subira ina mahali pake, ila aitaje yeye kwanza.

Hatua ya 3: Rudisha usingizi

Usingizi ukirudi, nusu ya mengine hupungua yenyewe. Mpe wiki mbili kamili kabla ya kuhukumu, na mwambie mapema kwamba siku tatu nne za mwanzo zitakuwa ngumu zaidi.

Shikilia saa ya kuamka, usihangaike na saa ya kulala. Hapa Lamu adhana ya alfajiri imeshakupa saa hiyo bure. Tatizo ni kurudi kitandani baada ya swala hadi saa nne. Usingizi huo wa asubuhi ndio unaokula wa usiku. Akishasali atoke nje, akae kwenye mwanga wa jua la asubuhi dakika ishirini hadi thelathini, pale forodhani au uani kwake. Mwanga huo huipanga upya saa ya mwili. Wakati wa janga ambapo msikiti umefungwa, hili huvunjika kabla ya lolote, kwa hiyo nyumba isali jamaa ndani kwa wakati uleule.

Mchana anaweza kujilaza dakika ishirini au thelathini baada ya adhuhuri. Baada ya alasiri asilale.

Kahawa chungu ya jioni barazani ni utamu wa mji huu, lakini kafeini nusu yake bado imo mwilini saa tano hivi baada ya kunywa. Kwa wiki hizi mbili kikombe cha mwisho kiwe adhuhuri, na chai ya rangi nzito iingizwe katika hesabu hiyo. Jioni anywe tangawizi bila majani ya chai, na barazani aende vilevile, maana watu anawahitaji kuliko kahawa.

Miraa na muguka tuseme bila kupaka rangi. Huleta uchangamfu kwa saa chache, kisha usiku hauna usingizi, na kesho yake mtu ana unyonge na hasira, anarudi kutafuna ili aondoe unyonge huo. Anayetafuna kila siku hawezi kupimwa hali yake ya mawazo kwa haki. Kama hawezi kuacha, apunguze fungu na amalize kabla ya adhuhuri. Anayetafuna kisha akatafuta dawa au pombe ya kumlaza amejifunga kwa kamba mbili.

Simu ilale chumba kingine. Wakati wa janga, sauti za WhatsApp zisizo na mwenyewe, zinazohesabu maiti, huingia usiku hasa. Weka nyakati mbili za habari, tuseme baada ya adhuhuri na baada ya magharibi, robo saa kila moja, kutoka chombo kimoja kinachoaminika. Nje ya hapo mtu wa nyumbani amwambie likitokea kubwa.

Akikaa kitandani dakika ishirini hivi bila kupata usingizi, asijigeuzegeuze. Aondoke, akae mahali pengine kwenye mwanga hafifu, alete dhikri au asome kitu kisichomshtua, arudi macho yakiwa mazito. Hata ikiwa mara nne usiku mmoja. Kitanda kinajifunza upya kuwa ni cha kulala. Katika joto la kaskazi wanaopanda kulala juu ya nyumba wachukue chandarua.

Vidonge vya usingizi visinunuliwe duka la dawa kwa kuambiwa na jirani. Vile vya jamii ya diazepam hufanya kazi usiku wa kwanza, na ndiyo hatari yake: baada ya wiki chache mwili hauwezi kulala bila hivyo. Kwa wazee huleta kuanguka na kuvunjika nyonga. Hata dawa za mafua zinazolewesha hazifai kwa kazi hii.

Hatua ya 4: Pumzi

Kwa moyo unaokwenda mbio. Akae, mkono juu ya tumbo, avute pumzi kwa pua akihesabu hadi tatu au nne, aitoe polepole akihesabu hadi sita. Dakika tano, asubuhi na jioni. Ajizoeze akiwa mtulivu. Anayengoja hofu impande ndipo ajaribu, hawezi. Kosa la kawaida ni kuvuta pumzi kubwa kwa kasi: vidole vinafa ganzi, kichwa kinazunguka, naye anaamini sasa anakufa. Hofu ya ghafla ya aina hiyo kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika kumi kisha hushuka. Lakini maumivu ya kifua ya mara ya kwanza, hasa kwa aliyepita miaka 40 au mwenye presha au sukari, apelekwe hospitali kwanza.

Hatua ya 5: Riziki na kazi za siku

Mtu ambaye mashua yake imekaa bila wageni hana "mawazo" ya kufikirika. Ana deni. Kumtuliza bila kuligusa deni ni kumkosea.

Chukua karatasi, aandike yote yanayomkaa rohoni, yaani ada, duka, mkopo wa simu, injini, mama mgonjwa. Kisha gawanyeni mafungu mawili: yanayoweza kuguswa wiki hii, na yasiyoweza. Kufunguliwa kwa ndege za nje ni la fungu la pili, liacheni huko. Kwenye fungu la kwanza chagueni moja, dogo, hata kama si la muhimu kuliko yote. Orodhesheni njia zote za kulikabili bila kuzikosoa, hata za kuchekesha, ndipo mchague moja na kuipa siku. Deni la duka la shilingi 6,000, kwa mfano: aende mwenyewe kwa mwenye duka kabla hajaitwa, waafikiane shilingi 300 kila Ijumaa, limalizike kwa wiki 20. Huko kwenda mwenyewe kuna faida kuliko hizo 300, kwa sababu alikuwa akizunguka mitaa miwili ili asipite mbele ya duka hilo. Mkopo wa simu usilipwe kwa mkopo mwingine wa simu. Kama yumo kwenye chama, aombe kusogezewa zamu mapema, kabla hajakosa kulipa.

Halafu siku ipate umbo. Kila siku vitu vitatu: kazi moja ya mkono, mwendo mmoja wa miguu, na mtu mmoja wa kuonana naye au kumpigia simu. Hamu isingojewe. Kwa aliyelemewa, kitendo hutangulia na hamu hufuata, baada ya siku nyingi. Kwa hiyo kazi ikatwe vipande vidogo hadi iwe aibu kukikataa kimoja.

Nahodha ana mfano mzuri hapohapo mchangani. Chombo kilichokaa juu miezi, mbao hukauka na kuachana, na siku ya kushushwa kitavuja. Ukimwambia "katengeneze mashua" ataitazama na kurudi kulala. Mwambie leo ni kukwangua chaza upande mmoja, kuanzia omo, yaani mbele, hadi katikati, nusu saa, basi. Kesho upande huohuo hadi tezi, yaani nyuma. Keshokutwa kung'oa kalafati, ile pamba ya kuziba nafasi za mbao, iliyooza kwenye mbao mbili tu. Kisha kutia pamba mpya, mkono mmoja kila siku. Mafuta ya sifa na shahamu ya kupaka mbao zitafuata fedha ikipatikana. Mtie alama kwenye karatasi kila kipande kinapokwisha. Akikosa siku moja usimlaumu, ila kipande cha kesho kiwe kidogo zaidi. Kwa anayesuka ukili hesabu ni pima. Kwa fundi cherehani ni shati moja, hata la mtoto wake.

Hatua ya 6: Msiba uliozikwa haraka

Hapa pana jeraha ambalo watu hawalitaji. Wakati wa Korona mazishi yalibanwa kwa idadi ya watu, ya kwanza yakifanywa na wahudumu waliovaa mavazi ya kujikinga. Watu wakakosa kumwosha maiti wao, kukaa matanga, kupewa mkono. Kazi ya vitu hivyo ni kumwambia mfiwa, kwa macho na masikio yake, kwamba mtu ameondoka na kwamba hayuko peke yake. Visipofanyika, akili hubaki ikingoja.

Nafasi haijapita. Hitma inaweza kusomwa hata baada ya mwaka, kwa watu kumi waliomjua marehemu, na baada ya kusoma kila mmoja aseme jambo moja alilolikumbuka kwake. Zuruni kaburi pamoja. Kama nyumba ina uchungu kwamba maiti hakuoshwa ilivyo ada, mwendeeni sheikh mnayemwamini na mumuulize waziwazi. Hadithi ya Mtume kwamba afaye kwa tauni ni shahidi imewatuliza wengi, na sheikh ndiye wa kuieleza, si jirani. Mjane aliye edani asiachwe na simu peke yake. Miezi minne na siku kumi ni mirefu, wanawake wapange zamu ya kuingia kwake, hata kama wakati wa maambukizi watakaa uani kwa umbali na barakoa.

"Mimi ndiye niliyemletea" husemwa sana, hasa na vijana waliotoka Mombasa au Nairobi wakati ule. Usikimbilie kumwambia si kweli, hatakuamini. Mwombe aeleze siku ile alijua nini: alikuwa na homa? Palikuwa na vipimo? Nani mwingine aliingia nyumbani? Aliyelijua jambo baadaye hujihukumu kana kwamba alilijua tangu mwanzo, na kulisimulia kwa mpangilio humwonyesha pengo hilo yeye mwenyewe.

Mtoto aambiwe "babu amekufa". Akiambiwa amesafiri, atasubiri kila mashua kutoka Mokowe. Kukojoa kitandani na kumng'ang'ania mama ni kawaida kwa wiki kadhaa.

Huzuni ya msiba si ugonjwa. Ila ikipita miezi sita na mtu bado hawezi kula, kufanya kazi wala kutaja jina bila kuvunjika kila siku, ihesabiwe na mhudumu wa afya.

Hatua ya 7: Siku ya kwenda hospitali

Usisubiri wiki mbili ukiona haya: anazungumzia kufa au kuwa mzigo, anagawa vitu vyake, hali wala hanywi, anasikia sauti, hajalala siku kadhaa na ana nguvu za ajabu, au ni mzazi aliyejifungua karibuni anayemwogopa au kumpuuza mtoto wake.

Muulize waziwazi: "Umefikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, humpa ruhusa ya kulitua. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata usiku. Ondoeni dawa za wadudu, vidonge, kamba na visu vya kazi, na aliyejitolea asindikizane naye hadi hospitali ya kaunti ya King Fahd siku hiyohiyo. Walio Faza, Kizingitini, Siyu au Pate waanzie kituo cha afya kilicho karibu, na nyumba iwe na nauli ya boti iliyotengwa mapema, kwa sababu usiku wa shida ndio usiku wa kukosa nauli. Simu ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199; kwa mtoto anayedhulumiwa ni 116; kwa dhuluma ya kijinsia, ambayo kufungiwa ndani huizidisha, ni 1195. Zamani familia zilificha jaribio la kujiua kwa kuogopa polisi. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilicholifanya kosa la jinai, kinakiuka Katiba.

Akiandikiwa dawa za sonona, nyumba nzima ijue mambo matatu. Huanza kusaidia baada ya wiki mbili hadi nne, huku kinywa kukauka au kichefuchefu kikija siku za kwanza. Wengi huziacha hapohapo. Akipona aendelee nazo kwa miezi tisa hadi kumi na miwili. Na huachwa kidogokidogo, kwa maelekezo ya daktari. Ramadhani ikikaribia amuulize daktari juu ya kuhamisha saa ya kumeza hadi futari au daku. Kisomo na kombe haviigombi dawa, mradi dawa isisimamishwe. Miti isiyojulikana itajwe kwa daktari. Kufunga mtu pingu au kumpiga ili kitu kimtoke ni kumdhulumu, aliyekisema awe nani.

Baada ya wiki sita rudieni maswali mawili ya mwanzo na muweke alama mpya kando ya zile za kwanza. Zikishuka chini ya 3, endeleeni na saa ya kuamka na vitu vitatu vya siku kwa miezi mingine mitatu. Zisiposhuka, mpelekeni hata kama anasema yuko salama, na daftari lile mlichukue, kwa sababu mhudumu atauliza ilianza lini na usingizi ni saa ngapi, na hayo yamo.